Gusheshe la Marehemu Nhlapo

Kijiwe chetu cha Katlehong kiko ubavuni mwa banda la kuoshea magari. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha BMW iliyopinduka zamani, zile za umbo la boksi ambazo mtaa mzima unaziita gusheshe. Sponji inachungulia pembeni, na upande wa kushoto kuna springi inayochoma, wenyeji wanajua kuikwepa. Mama Dikeledi huuza kahawa hapo, na maandazi yake makubwa yanayotiririka mafuta hadi kwenye kiwiko. Asubuhi ile ya Alhamisi walikuwepo watatu wa kila siku. Moshi alipata jina kwa kuunguza matairi ya magari ya watu. Diwani aligombea udiwani mara mbili. Mtaa ukamnyima kura, ukampa jina. Spana hutembea na spana mfuko wa nyuma, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akifungua nati.

Nokulunga Nhlapo alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, ufunguo wa gari umemkaa kiganjani. Baba yake angezikwa Jumamosi. Mama yake, aliyekuwa juu ya godoro la msiba sakafuni, alikuwa amemtuma maneno mawili tu kwa wale wanaume: gari halitoki. Nokulunga alikuja kuyasema na kuondoka. Ila aliposikia jina la baba yake likitajwa, akajibanza palepale asikilize.

Walishakubaliana, bila kuuliza mtu, na habari ikafika hadi msibani, kwamba baada ya maziko gusheshe la Nhlapo litazungushwa uwanjani mbele ya ukumbi wa mtaa mpaka matairi yatoe moshi. Mtu mwenye gari kama lile hafukiwi kimyakimya. Ugomvi ulikuwa nani atakamata usukani.

— Usukani ni wangu, Moshi alisema. Marehemu aliniambia mwenyewe Krismasi. Tulikuwa wawili, njia ya Vosloorus, sindano ya mwendo imelala kabisa kulia.

— Krismasi alikuwa na mimi, Diwani akasema.

— Basi ulikuwa kiti cha nyuma.

— Mimi sikai nyuma, bwana. Hata hapa nimekaa nyuma kwa sababu mbele hakuna.

Spana akawaambia wanagombania usukani kama watoto, wala hawajui mle ndani kuna nini. Wamewahi kujiuliza kwa nini Nhlapo hakufungua boneti mbele ya mtu? Yeye alijua. Injini ile haikuwa ya gari lile. Ililetwa kwa meli kutoka Ujerumani, ndani ya sanduku lililoandikwa vyombo vya kanisa.

Diwani akacheka puani. Meli ya nini? Injini ilitoka kwenye gari la polisi la kufukuzia majambazi, ndiyo maana ilifichwa. Namba zake zingetambulika. Moshi akawaonea huruma wote wawili. Ile ilikuwa ya ndege. Siku Nhlapo alipoiwasha, vioo vilitetemeka mitaa mitatu, na kuku wa Mama Dikeledi wakaacha kutaga.

— Mimi sina kuku, Mama Dikeledi akasema.

— Si unaona? Walikufa.

Wakacheka. Nokulunga akaubana ufunguo mpaka meno ya chuma yakamwingia kwenye ngozi.

Yeye alikuwa darasa la saba siku gari lile lilipolia kwa mara ya mwisho. Ilikuwa msiba wa Sandile, kaka yake Moshi. Baba yake alilizungusha uwanjani, familia ya Sandile imesimama mbele, na Moshi anapiga paa kwa viganja viwili akisema ongeza, ongeza. Nokulunga alikuwa kiti cha mbele. Aliona sindano ya joto ikipanda hadi kwenye nyekundu. Aliona baba yake akitafuta uso mmoja kwenye umati utakaomwambia inatosha, asiupate. Kuinua mguu kwenye mafuta pale kungeonekana ni kumbania maiti heshima yake. Kisha ndani ya injini kukatoka sauti kama vijiko vilivyomwagwa kwenye beseni. Watu wakashangilia, wakidhani ndiyo mbwembwe za kumalizia, wakaenda kunawa na kupanga foleni ya chakula.

Gari walilisukuma nyumbani watatu, baba, mama na yeye, viatu vyake vya shule vikiteleza kwenye changarawe. Baba akawaambia wakiulizwa waseme analitunza. Injini haikupona, mwishowe ilienda kwenye vyuma chakavu. Pale ilipokuwa, chini ya boneti, akaweka ndoo, sabuni na matambara. Kila Jumapili, watu wakiwa kanisani, walilisukuma hadi getini. Watu wakirudi wanalikuta linang'aa, baba ameliegemea, mkono juu ya boneti iliyofungwa. Alipougua, wale watatu walikuja mara moja. Waliishia getini, wakauliza hali ya gari.

Nokulunga akatoka nyuma ya tangi.

Wote wakavua kofia. Diwani akampisha mahali pasipo na springi. Nokulunga hakukaa.

— Pole sana, mwanangu, Diwani akasema. Naona umetuletea ufunguo. Baba yako atafurahi huko aliko.

— Mjomba Moshi, Nokulunga akasema, mara ya mwisho ulilisikia lini likinguruma?

— Krismasi, si nimetoka kuwaambia hawa.

— Kulisikia, mjomba. Sisemi kuliona.

Moshi akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nokulunga akamtazama akirudi nyuma, Krismasi hii, ile iliyopita, ile ya kabla yake, kila moja na gari limetulia getini. Akajua hasa mawazo ya Moshi yalipofika uwanjani, kwenye msiba wa kaka yake, kwa sababu viganja vyake viligeuka vyenyewe juu ya magoti akavitazama.

— Gari la heshima haliwashwi kila siku, Diwani akajaribu.

Maneno mawili ya mama yake yalikuwa tayari ulimini. Nokulunga akayameza. Akaweka ufunguo juu ya kreti, katikati ya vikombe.

— Litatoka, akasema. Mama nitazungumza naye. Baba alipenda lionekane. Ila halina injini, wajomba. Lilikufia msibani kwa Sandile, mkishangilia. Miaka yote hii tulikuwa tunalisukuma watatu, na sasa tumebaki wanawake wawili. Jumamosi nani atasukuma?

Mkono wa Spana ulikwenda mfuko wa nyuma, ukarudi mtupu. Moshi akaanza kusema habari ya mgongo wake, akaiacha njiani. Diwani akamnyooshea Mama Dikeledi kikombe. Mama Dikeledi akainamisha birika, likatoa machicha ya kahawa.

Nokulunga akasubiri kadiri adabu ilivyoruhusu, kisha akaondoka. Alikuwa amefika kwenye kona aliposikia sauti ya Diwani, chini chini, ikisema kwamba yeye, kusema kweli, alilijua jambo hilo siku nyingi. Akageuka. Walikuwa wanabishana nani alijua kwanza. Ufunguo ulikuwa palepale juu ya kreti, na kila aliyenyoosha mkono kuchukua kikombe aliuzunguka asiuguse.