Jerusa Obure Akabidhi Mipangilio ya Mfumo wa Mizani

Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, Bi. Jerusa Obure anastaafu baada ya kukihudumia kiwanda chetu cha majani chai kwa miaka ishirini na saba, kumi na mmoja ya mwisho akiwa mkuu wa ofisi ya kompyuta. Mimi, Weldon Kiptum, naibu wake kwa muda huo wote, nimeombwa niandike wasifu huu. Nimekubali shingo upande, maana ukuu huo niliuomba pia, na nimemwonea wivu tangu siku jina lake liliposomwa.

Jerusa alikuja kutoka upande wa ziwa mwaka 1999, akawa karani wa mizani kituo cha Litein. Kikipsigis, lugha ya wenyeji wa huku, alikijua ndani ya miaka miwili, na akina mama wa foleni wakampenda. Mpaka leo mama yangu mzazi, kilo zake zikikosa kuonekana kwenye simu, humpigia Mama Maxine, kama wanavyomwita Jerusa. Mwanawe wa kumzaa nipo, nina simu, tena yenye chaji.

Kazi iliyompa jina ni mfumo wa mtandaoni unaopokea uzito wa majani kutoka vituoni. Mwanzoni mfumo ulisoma mipangilio yake mara moja tu, ulipowashwa. Kubadilisha jambo dogo, kama saa ya kufunga kituo, kulimaanisha kuuzima wote na kuuwasha upya, makarani wakisubiri na magunia mizanini. Jerusa aliitoa mipangilio ndani ya programu, akaiweka kwenye jedwali lake, na mfumo ukawa unaiangalia kila gunia linapopimwa. Ukibadilisha hapa ofisini, kituoni wanaona papo hapo, hakuna cha kuzima. Ni wazo rahisi mno, ndiyo maana liliniuma. Mbona halikunijia mimi?

Mvua ikinyesha, majani yaliyolowa hukatwa kilo mbili kwa kila mia kwa ajili ya maji. Asubuhi moja ya Aprili 2019, Jerusa akiwa likizo, nilitaka kuonyesha wepesi wangu. Niliandika makato hayo ndani ya programu yenyewe, kwa vituo vyote, kisha nikaenda zangu Sotik. Sotik kulikuwa kunanyesha. Litein jua lilikuwa linawaka, na mfumo ukaendelea kukata tu. Phelis, mkulima asiyeogopa mtu, alishika gunia lake akamwambia karani, “Hii majani imekauka kama karatasi. Hiyo maji unakata imetoka wapi?” Foleni nzima ikakataa kupima, na majani yakaanza kupata moto ndani ya magunia.

Jerusa aliikatiza likizo yake. Aliiondoa namba ya makato niliyoiandika ndani ya programu, akayafanya makato kuwa mpangilio wa kila kituo peke yake, akarudisha kilo zote zilizokatwa kimakosa kabla lori la kubeba majani halijafika. Mbele ya wakulima alisema ofisi yake ndiyo iliyokosea, na jina langu hakulitaja. Hata hapo nilimwonea wivu, kwa jinsi alivyopendeza akibeba lawama isiyo yake.

Jumatatu iliyopita tulikabidhiana. Alifungua orodha ya wanaoruhusiwa kubadilisha mipangilio, akaweka jina langu juu, kisha akafuta lake mwenyewe na kuweka mikono mapajani. Meneja ndiye aliyenijulisha baadaye kwamba Jerusa alinipendekeza kwa maandishi, tena mara tatu. Mimi miaka yote nilidhani ananizibia njia. Niliona haya, na haya hiyo sijaimaliza.

Kwa niaba ya wafanyakazi na wakulima, asante sana, Mama Maxine. Tunakutakia afya, usingizi usiokatizwa na simu zetu, na maisha mema pamoja na wajukuu. Kiti chako nilikitamani miaka kumi na mmoja. Kukikalia bila wewe chumbani, hilo sikuwahi kulitamani.