Pumzi ya Gari la Ndululu

Kijiwe chetu pale Zombe ni ubao mrefu uliolala juu ya rimu mbili za lori, kando ya duka langu la vitambaa. Asubuhi Falis huja na birika lake la kahawa ya tangawizi, na maneno huanza kabla hajamimina. Kiangazi cha mwaka wa tisini na sita vumbi lilikuwa jingi mpaka tulikuwa tunafunika vikombe kwa viganja. Siku ninayoisema, gari la Ndululu lilikuwa mbele yetu, boneti juu. Ndululu tulimwita Moto, kwa vile alivyoendesha. Alikuwa anabeba abiria wa Kitui kwa gari la tabo, yaani injini inayosukumiwa hewa kwa nguvu. Juu ya gunia fundi Kivuva, ambaye sisi tulimwita Spana, alikuwa ameweka vitu viwili: boksi jeusi la ea klina, la kuchujia hewa ya injini, lililokuja na gari, na filta mpya ya koni kutoka Nairobi, isiyo na boksi wala kifuniko.

— Spana, funga hiyo mpya tumalize, — Ndululu alisema.

— Sifungi. Hii ni ya barabara ya lami. Iko uchi.

— Si iko na kitambaa?

— Kitambaa ya kushika mbu! Moto, sikia. Ndani ya tabo kuna feni ndogo, inazunguka mbio mpaka macho haiwezi kuiona. Mchanga ya huku ikigonga hiyo feni, umeenda.

— Na hiyo boksi ya zamani? Juzi kwa mlima gari ilishikwa na pumzi kama mzee wa pumu. Lori ikanipita. Mimi, Moto, nimepitwa na lori ya ng'ombe!

Tulicheka. Yeye hakucheka. Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo tuliyemwita Redio kwa sababu hakosi habari, alisogea karibu na boneti.

— Nyinyi wawili hamjui kitu. Angalia ngamia. Anatembea kwa vumbi siku nzima, kwa nini hakohoi? Pua iko juu! Weka paipu itoke hapa mpaka juu ya paa.

— Na mvua ikinyesha ndani ya paipu? — Spana aliuliza.

— Mvua gani? Wewe umeona mvua wapi?

— Redio, hiyo itakuwa gari ama jiko la kuni?

— Basi toboa hapa nyuma ya dashibodi. Ivute hewa ya ndani. Ukifunga madirisha, hewa ni safi kabisa.

— Na abiria watavuta nini? — Falis aliuliza, birika mkononi.

— Abiria wanapumua kidogo tu. Kwani wanapanda mlima wao?

Hata Spana alicheka. Lakini alipoinama kulichukua lile boksi jeusi, uso wake ulikuwa umebadilika.

— Moto, nitanunua karatasi mpya ya ndani, nirudishe hii. Ukitaka ile nyingine, tafuta fundi mwingine.

— Gari ni yako?

— Mkono ni wangu.

— Nimekuuliza, gari ni yako? Tangu jua litoke unanipigia hadithi hapa!

Ndululu alimpokonya boksi. Nilidhani anataka kulificha. Alilitupa chini, akalikanyaga kwa kisigino, likapasuka mara moja kwa sauti kama ya kibuyu. Spana alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaketi kwenye ubao na kumpa mgongo.

— Sawa. Sasa umechagua, — alisema.

Walikaa hivyo, mmoja kwenye ubao na mwingine kwenye bampa, kahawa ya wote wawili ikipoa. Redio alijaribu kuwapatanisha, wakamfukuza. Ndipo tukamwona Sista Muthoki, muuguzi wa zahanati, akija mbio, kofia yake mkononi.

— Hii gari inatembea?

Tuliangalia boneti. Tukaangalia vipande vya boksi.

— Ninauliza! Kavata, bibi ya Mutie, anazaa na damu haisimami, lazima afike hospitali ya Kitui. Landrova yetu imeenda na dawa Mutitu. Hii gari inatembea ama haitembei?

— Spana, — Ndululu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Spana alikuwa ameshasimama. Alichukua ile koni. Mdomo wa koni haukuenea kwenye paipu, ulicheza. Akakata mpira wa tyubu kwa kisu changu cha kukatia vitambaa, akauzungusha, akafunga, ukateleza, akafunga tena. Sista alikuwa anazunguka gari akimwita Mungu, "Ngai, Ngai." Falis alivua shuka lake la begani, jepesi, la maua ya njano.

— Funika nayo hiyo kitu. Ishike vumbi.

Spana alilifunga shuka juu ya koni kwa waya, akafunga boneti kwa ngumi.

— Moto, angalia mimi. Usiamshe tabo. Mguu mwepesi. Ukikanyaga, itavuta hii nguo yote imeze.

Tulimbeba Kavata kwa godoro kutoka zahanati. Hakulia. Aliuliza tu kama Mutie amefika, na Sista akamwambia yuko njiani. Haikuwa kweli, Mutie alikuwa kibaruani Sultan Hamud na hakuwa na habari.

Siku kadhaa baadaye Ndululu alirudi nyuma ya pikapu ya mahindi, bila gari. Aliketi. Falis akampa kikombe.

— Nilienda pole, Spana. Vile ulisema. Mpaka mtoni Thua, nikavuka mchanga. Halafu Sista akaniambia, Moto, mikono yake inapoa.

— Ukakanyaga, — Spana alisema.

— Nilikanyaga yote. Nikasikia nguo ikipasuka. Ikaanza kupiga filimbi, moshi ya bluu nyuma, watu wananipungia mkono nisimame. Sikusimama. Ilifika. Haitawaka tena, lakini ilifika.

— Na Kavata?

— Yuko. Walimtia damu.

Redio ndiye aliyeuliza lililobaki, na aliuliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

— Na mtoto?

— Daktari alisema, laiti tungefika mapema kidogo.

Spana alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini juu ya lile boksi, na nadhani Ndululu pia alijua, maana aliinua uso kungoja. Spana akaufunga mdomo. Akasogea kwenye ubao mpaka bega lake likagusa la mwenzake.

— Ningeifunga ile koni asubuhi, mara ya kwanza uliniambia, — alisema.

Tulikuwa tumekaa hivyo kijana mmoja alipotoka upande wa stendi, amevaa koti zito lisilofaa jua lile. Alisalimia wote, akauliza mwenye gari ni nani. Ndululu akasimama. Yule kijana akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

— Mimi ni Mutie. Nimekuja kusema asante. Kavata amekula uji leo.

Hatukujua pa kutazama. Falis akampa kahawa, akanywa amesimama, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

— Sista aliniambia mlikuwa mnachagua kitu ya kuweka kwa gari. Mimi sijui magari. Hiyo kitu ni ya nini?

— Ya pumzi, — Redio alisema. — Gari ikipata pumzi, inaenda mbio.

— Aa. — Mutie alifikiri. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayetaka kuelewa. — Na hiyo asubuhi, kabla Sista aje, mlikuwa mnataka kukimbia kwenda wapi?

Falis aliinua birika ili atuongeze. Hakuna aliyesogeza kikombe.