Mkono wa Nani Uko Juu

Kwenye kibaraza cha kinyozi pana benchi moja, birika la kahawa, na magazeti mawili ya muuzaji wa jirani yamebanwa kambani kwa vibanio vya nguo. Sheria ya hapo ni moja: husomwa kichwa cha habari tu, maana anayefungua gazeti hununua. Asubuhi hiyo Fundi Cherehani alikaa pembeni, kahawa inampoea mkononi. Bintiye kaolewa ng'ambo ya mpaka, kwa hao hao mahasimu wa nchi yetu. Mimba ina miezi tisa, na amemwita mama yake.

— "WAPIGA MAGOTI," Balozi alisoma. Ubalozi wake ni suti tu. Kazini alikuwa tarishi.

— La pili linasema "WATUTUNISHIA MISULI," alisema kinyozi. Mkutano ule ule wa waziri wetu na wa kwao, picha ile ile.

— Picha haidanganyi. Tazama mkono wa waziri wetu, uko juu. Keshashinda huyo.

— Wa kwao anatabasamu. Ana mabomu huyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Kimya kimeingiaje, na mtu anacheka?

— Ndiyo hatari yenyewe.

— Na tai nyekundu ile? Balozi alishusha sauti. Ishara kwa majeshi. Haba na haba hujaza kibaba.

Uvumilivu ukamwisha Fundi.

— Tai ni kitambaa, Balozi, nimeshona mia. Na hao "wao" ni wakwe zangu. Sasa hivi mama mkwe wa binti yangu ndiye anayemkanda miguu.

— Taratibu, Fundi. Utaitwa msaliti.

— Niiteni. Simchukii mtu kwa kuagizwa na gazeti.

Mara akatokea mkewe, begi begani.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji.

— Ninyi ndio wenye habari. Mpaka uko wazi au umefungwa?

Balozi akatazama gazeti la kwanza, kinyozi la pili.

— Kwa sasa, shemeji, alisema Balozi, suala kubwa ni msimamo.

— Mimi nauliza lango.

Fundi akainuka, akabandua vibanio, akafungua gazeti mbele ya macho yao. Mkono wa waziri ulikuwa ukurasa wa pili na wa tatu, tai ukurasa wa nne. Akafungua na la pili. Lango halikuwamo popote. Akamtupia Balozi yote mawili mapajani, akachukua begi la mkewe.

— Tunakwenda kuuliza huko huko.

— Na mkikuta wamefunga? aliuliza kinyozi.

— Tutakaa hapo hapo langoni mpaka wafungue. Mjukuu wangu hasubiri mawaziri.