Kofia Yangu Kichwani mwa Sanamu

Shikamooni wazee. Na nyie wenzangu, habari za hapa Mikumi. Mimi kwetu ni Kilosa, pale Magomeni. Nimepanda gari la alfajiri ili nifike kabla jua halijawa kali, na sababu mnaijua wenyewe.

Naomba nivue mtandio. Msishtuke. Huku kushoto hakuna sikio. Waliokuja na watoto wawaache waangalie, ndicho kilichonileta.

Nimezaliwa na ualbino, peke yangu katika watoto saba. Nyumbani nilikua naambiwa kaa ndani, wewe kazi huiwezi. Nilipoolewa Rudewa, kwa watu wanaolima mpunga, nikajiapia kwamba ukweni hakuna atakayeniita mvivu. Mpunga ulipotoa masuke niliomba mwenyewe kazi ya kuwinga ndege. Ni kazi ya kutwa. Unazunguka majaruba, unapiga debe, unapiga kelele, kwelea wakitua kule unawakimbilia kule.

Sasa macho yangu, kama ya wengi wenu hapa, hayaoni mbali. Ndege nilikuwa nawasikia tu. Wataalamu wa ngozi walipopita zahanati walinipa kofia pana yenye kitambaa cha kufunika shingo na masikio, shati la mikono mirefu, na mafuta ya kujikinga na jua. Ile kofia nikiivaa sisikii ndege mpaka wameshakula. Nikaivua. Halafu, ndugu zangu, nichekeni tu, nikaona ni hasara kofia nzuri ikae bure. Nikalivika sanamu la kutishia ndege. Na shati nikalivika hilohilo. Mafuta nikayaweka kwa ajili ya kwenda harusini. Misimu mitatu sanamu limevaa vizuri, mimi niko kichwa wazi.

Kidonda kilianza juu ya sikio, kidogo, kama pamebanduka gamba. Kinakauka, kinarudi. Nikapaka majivu, nikapaka na majani ya kutwanga. Mume wangu akiniuliza namwambia ni mbu. Nilijua nikisema ukweli nitazuiwa kwenda shamba, na shamba ndiko nilikokuwa mtu kama watu wengine. Kikaanza kutoa maji, kikaanza kunuka. Nikawa nalala upande mmoja tu.

Aliyenifumania ni mama mkwe. Siku hiyo aliniletea chakula mchana. Kwa mbali akaliona sanamu, akaliita, "Mwanangu, njoo ule!" Akaita tena. Mimi nikaitikia kutoka upande mwingine, kichwa wazi. Akanitazama, akalitazama sanamu. Akaenda akalivua kofia, akalivua shati.

"Hili linaungua na jua?"

"Hapana, mama."

"Na wewe?"

Mkono wangu ukaenda kwenye kitambaa nilichofungia kidonda.

"Lete hilo sikio nione."

Nilipofungua kitambaa akakaa chini kwenye tuta, na kanga yake safi. "Harufu hii naisikia nyumbani mwezi mzima," akasema. "Nimehamisha magunia yote nikitafuta panya aliyekufa." Nikacheka jamani, na hapohapo nikaanza kulia.

Hospitali wakakata kinyama kidogo wakapima. Saratani ya ngozi. Daktari akaniambia kwamba ningekuja mapema angetoa kidonda tu, lakini sasa sikio linaondoka. Nikamwomba aniachie hata kipande cha kuvalia hereni. Akasema, "Dada yangu, sina cha kukuachia."

Kisha nikapelekwa Dar es Salaam kwenye mionzi. Nawaambia bila kuficha, nilitamani kufa. Nilirudi nyumbani nikageukia ukuta. Mume wangu akiingia najifunika shuka. Sikumlaumu mtu wala shetani, kwa sababu kofia niliivua kwa mkono wangu, na hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Wageni walisema nitapona, nikawachukia. Mama mkwe hakuniambia nitapona. Kila asubuhi alikuja na beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, akasema, "Geuka nikuoshe." Basi. Miezi mizima ni hayo maneno. Asubuhi moja nilisikia beseni linawekwa chini, nikajikuta nimeshageuka kabla hajasema. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Siku hiyo nilikunywa uji.

Namshukuru mama yule. Namshukuru mume wangu aliyeniezekea kibanda ninachouzia dagaa na chumvi, kivulini kutwa. Nawashukuru na wauguzi. Na wewe mzazi, usimwache mtoto athibitishe juani kwamba anaweza kazi. Mpe kazi ya kivulini, umsifie kwa hiyo. Kidonda kisichopona, usikifunike kitambaa, kipeleke hospitali.

Lakini sitawadanganya kwamba yamekwisha. Wiki iliyopita daktari aliona doa jingine, hapa, kwenye mdomo wa chini. Jumanne naingia chumba cha upasuaji. Hajui atakata kiasi gani, na mimi sijui nikitoka nitatamka vipi. Mume wangu alinisihi nisije, nipumzike. Nikamwambia acha niende, maneno haya lazima yasikike vizuri.

Vaeni kofia. Wavalisheni na watoto. Nimekuja kuwaambia leo, mdomo ukiwa bado wangu.