Bi Unganisha Aweka Simu Chini

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, msimamizi wetu wa huduma kwa wateja, Bi Unganisha, alistaafu kwa hiari. Tunalisisitiza neno hiari kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa kwenye bango la sherehe, na kwa sababu bila bango hilo yeye mwenyewe asingejua. Jarida hili limetengewa ukurasa mmoja wa kumuaga. Zamani tulikuwa na kurasa nane na picha za rangi, lakini kampuni ilipoanza kubana matumizi ilipima habari njema zilizobaki, ikaona ukurasa mmoja unazitosha.

Alianza akiwa msichana, kwenye chumba cha swichibodi cha jengo la zamani, chumba kisicho na dirisha ambamo feni ilizunguka kwa huruma tu. Kazi ya opereta ilikuwa kuchomeka waya kwenye tundu, kusema “Haloo, nakuunganisha,” na kutosikiliza. Mambo mawili ya kwanza aliyaweza siku hiyohiyo. La tatu hakuna opereta aliyewahi kuliweza. Jina lake la utani lilitokana na salamu hiyo, likamganda mpaka lile la kwenye kitambulisho likawa halijulikani na mtu isipokuwa mumewe na mhasibu.

Yapo makosa yake yanayosimuliwa hadi leo. Kijana mmoja aligombana na mkewe, akapiga simu kuomba radhi. Bi Unganisha, kwa haraka, akamchomeka nyumbani kwa mama mkwe. Kijana hakungoja kuitikiwa; akamwaga sifa zote, akiteremka kuanzia macho. Mama mkwe akamsikiliza hadi alipofika shingoni, kisha akasema: “Mimi nimeshakusamehe, baba. Sasa mpigie na mwenzio, ila hapo ulipofika usiendelee na mimi.” Ndoa ile ipo mpaka leo. Kampuni haijawahi kuidai sehemu yake, jambo linaloonyesha kwamba enzi hizo tulikuwa hatujui biashara.

Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipokuja, waya zikang’olewa naye akapandishwa kuwa msimamizi wa ukumbi wa huduma kwa wateja. Wengi wetu tulipitia mikononi mwake. “Mteja akikutukana mwache amalize,” alitufundisha. “Tusi halina kwao, jioni litarudi kwa mwenyewe.” Alikuwa mkali kwa wachelewaji, na yeyote aliyemjibu mteja huku anatafuna alitemeshwa mbele ya watu. Lakini mtu akifiwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Mwaka jana wakaja washauri. Vijana nadhifu, viatu vya ncha, wakapita ofisini wakitazama kila kitu kama watu waliofika mnadani. Walipoondoka, kampuni ilikuwa imeokolewa. Sukari ya chai iliondoka ya kwanza, chai ikaifuata kwa upweke. Lifti ikapumzishwa kwa ajili ya afya zetu. Taa za korido zikapunguzwa, tukawa tunasalimiana kwa kukisia. Maua ya mapokezi yakaacha kumwagiwa maji, yakafa. Kisha mpokezi naye akaondolewa, kwa kuwa hakuwa tena na maua ya kumwagia. Ukutani likatundikwa bango: WACHACHE, WEPESI, WENYE FURAHA. Wakurugenzi, tunashukuru, walisalimika wote, wakapewa na magari mapya ili waufuatilie ubanaji wa matumizi kwa karibu.

Halafu ikafika zamu ya watu. Kwetu hakuna anayefukuzwa, wala kupunguzwa. Hayo ni maneno ya kampuni zisizo na utu. Kwetu mtu “huachiwa mabawa.” Wenzetu wengi, mafundi, makarani, watunza stoo, walipangiwa kuachiwa mabawa katika wiki moja. Swali lilikuwa nani atawaambia. Kuwaita ukumbini kungehitaji viti, na viti vilikuwa vimeuzwa. Meneja wa rasilimali watu, ambaye sisi tunamwita Bwana Rasilimali, akapata wazo: sisi si kampuni ya simu? Wapigiwe simu. Na nani apige, kama si mwenye sauti inayopendwa kuliko zote?

Mwandishi wa wasifu huu hukaa upande wa pili wa ubao unaotenganisha ofisi ya Bwana Rasilimali na ukumbi wetu. Ubao ule ni mwembamba, na mwandishi naye hajawahi kuiweza ile kazi ya tatu ya opereta.

“Mama, ni kusoma tu,” Bwana Rasilimali alimwambia, akimpa karatasi. “Kila kitu kimeandikwa. ‘Ndugu mfanyakazi, safari yako nasi imefika kituoni.’ Unasoma mpaka mwisho, unamtakia siku njema.”

“Na akilia?”

“Geuza nyuma. Hapo, unaona? ‘Nyamaza kidogo, kisha endelea.’”

“Na akiniuliza kwa nini yeye?”

“Hapo unarudi mwanzo, mama.”

Hakubishana. Tulimwona akirudi mezani kwake, akavaa hedifoni. Mtu wake wa kwanza alikuwa fundi wa laini tunayemwita Nguzo, kwa sababu ya urefu wake na kwa sababu huko ndiko alikoshinda, juu ya nguzo. Simu ikaita, ikapokelewa, upepo ukavuma humo ndani.

“Mama!” Nguzo alipaza sauti kwa furaha. “Leo umenikumbuka! Ngoja nishike vizuri, niko juu huku, mkono mmoja una koleo na mwingine una wewe.”

Bi Unganisha akaitazama karatasi. Ilikuwa imeandikwa kila kitu isipokuwa hicho.

“Nilikuwa nakusalimu tu, mwanangu,” akasema. “Maliza kazi yako, weka simu mfukoni, shika kwa mikono miwili. Na ushuke polepole.”

Akakata. Akavua hedifoni, akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akasimama. Dada wa meza ya jirani akamuuliza anakwenda wapi. Akasema, “Kwa watu.”

Yaliyofuata ametusimulia mumewe, fundi cherehani mpole, maana mwenyewe hapendi kuyasimulia. Kampuni ilikuwa na magari, lakini hayo yalikuwa na kazi ya kuwabeba wabana matumizi. Kwa hiyo mume akafunga duka, akatoa pikipiki yake ya kusambazia nguo za wateja, akamvisha mkewe helmeti. Siku ile na siku zilizofuata walizunguka mtaa kwa mtaa, yeye mbele, mkewe nyuma kaushika mkoba kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Nguzo walimkuta nyumbani jioni, anakwangua matope kwenye buti mlangoni. Mkewe alikuwa anaanua nguo. Bi Unganisha hakuitoa karatasi.

“Mwanangu, wamekutoa kazini,” alisema. “Wewe na wengine wengi. Si kwa kosa lolote. Nimekuja kukwambia mwenyewe.”

Nguzo aliendelea kukwangua buti ambayo ilikuwa imeshakuwa safi.

“Asubuhi uliponipigia ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Ndiyo maana ukaniambia nishuke polepole.”

“Ndiyo.”

Mkewe akatupa nguo kwenye beseni. “Kwa hiyo ndiyo wamekutuma wewe, mama? Wametafuta mtu mwenye sura ya huruma? Wewe bado unayo kazi yako, si ndiyo? Kesho unaamka unakwenda!”

“Kesho naamka nakwenda,” Bi Unganisha akajibu. “Una haki ya kunisema.”

Akasemwa. Akasemwa mpaka yule mwanamke alipochoka, akaketi kizingitini, akauficha uso kwenye kanga. Nguzo akaweka buti chini, akaenda kumshika bega. Mume wa Bi Unganisha anasema aliposikia kimya hicho alitamani makelele yarudi. Walikaa pale wanne mpaka Nguzo mwenyewe aliposema, “Nendeni, mama. Bado mna watu.”

Tungependa kuandika kwamba kila nyumba ilimshukuru, maana jarida hili hupenda habari za namna hiyo. Haikuwa hivyo. Karani mmoja alicheka mpaka akakohoa, akasema alishaota. Fundi mmoja mzee alimwomba amwambie tena taratibu, mbele ya mwanawe, kwa sababu peke yake asingeweza kuirudia habari ile. Mtunza stoo, mwanamke waliyeanza naye kazi mwaka mmoja na kulishana chakula cha mchana miaka yote hiyo, alimwona kupitia dirishani, akaijua habari kabla ya kuambiwa, akavuta pazia. Bi Unganisha alibisha hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu kama ilivyo ada, kisha akasema maneno yake mbele ya mlango uliofungwa, akaondoka. Walipofika kwao alimwambia mumewe, “Huyu nilimshika mkono siku ya kwanza tukapanda naye ngazi.”

Kampuni haikuufumbia macho utumishi huu. Wiki iliyofuata aliitwa kikaoni kujibu mashitaka ya kutoka nje ya maandishi.

“Mama, umetuvuruga,” Bwana Rasilimali alilalamika. “Simu ingechukua asubuhi moja. Wewe umechukua wiki.”

“Wao wametupa miaka,” akajibu. “Wiki ni nini?”

Kwenye kumbukumbu za kikao jibu hilo limeandikwa kama “mfanyakazi hakuwa na maelezo.”

Muda si mrefu simu ya mezani kwake ikalia. Bwana Rasilimali alikuwa anapiga kutoka ofisini kwake, hatua chache tu, nyuma ya ule ubao. Ukumbi mzima tulimsikia mara mbili, mara moja kwa mdomo wake na mara moja kwenye kifaa. “Ndugu mfanyakazi, safari yako nasi…”

“Mwanangu,” Bi Unganisha akamkatiza, “zunguka tu, mlango uko wazi.”

Hakuzunguka. Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea, kama karatasi ilivyoagiza. Bi Unganisha akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Asante kwa kupiga simu,” akaweka kifaa chini. Miaka thelathini na mmoja ya mazoea haiishi kwa siku moja. Ndipo akaanza kutoa picha za wajukuu chini ya kioo cha meza, moja moja, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwangalia.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika chumba cha mikutano, orofa ya juu. Keki ilikuwepo, ndogo, iliyokatwa kwa namna ambayo washauri wangejivunia. Bwana Rasilimali alisimama na hotuba ndefu kuhusu familia yetu kubwa. Alikuwa bado kwenye neno familia tuliposikia kelele za chini. Wenzetu walioachiwa mabawa walikuwa wamekuja kumuaga, na mlinzi alikuwa amewazuia nje ya geti kwa kuwa hawakuwa na vitambulisho. Ni utaratibu mzuri. Bila huo mtu angeweza kuingia kwa sababu tu anapendwa.

Bi Unganisha alitazama dirishani. Akamgeukia msemaji, akasema kwa adabu zake zote, “Samahani, mwanangu, nina wageni,” akatoka. Alishuka ngazi zote zile akishikilia ukuta. Dada wa meza ya jirani akamfuata. Kisha mwingine, kisha mwandishi wa wasifu huu akiwa na sahani ya keki, kwa sababu keki haina kosa. Tunaambiwa hotuba ilikamilika, na kwamba viti viwili vilivyobaki vilisikiliza kwa makini.

Getini alikuwapo Nguzo na mkewe. Alikuwapo yule fundi mzee na mwanawe. Mkewe Nguzo alimshika mikono yote miwili, akasema neno ambalo hatukulisikia, akapisha. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, alisimama mtunza stoo. Alikuwa amevaa sare ya kazi, ile ya zamani, imepigwa pasi.

“Sikukufungulia,” alisema.

“Nilijua upo.”

“Ningefungua ningekutukana.”

“Ungenitukana. Tungemaliza, tungekula.”

Mtunza stoo akaangua kilio mbele za watu. Bi Unganisha akamvuta kifuani, naye, ambaye miaka yote tulimjua kwa kutulia, akalia kwa sauti kubwa isiyo na mafunzo yoyote. Mlinzi alitazama juu dirishani, akatutazama sisi, kisha akalifungua geti lote na kwenda kusimama mbali, kama mtu anayekagua mawingu.

Hatujui mengi kuhusu mipango yake ya baadaye. Mumewe anasema kwa sasa analala mpaka jua linamwonea aibu, na simu ikilia nyumbani humwachia yeye aipokee. Wateja nao wanaendelea kumuulizia. Ukumbi wa huduma umebaki na dada mmoja na kinanda kinachowapigia muziki wanaosubiri kwenye laini, na kinanda ndicho chenye subira zaidi.

Bi Unganisha, umetufundisha kuongea na watu, kazi ambayo kampuni hii ya mawasiliano bado inaifanyia utafiti. Tunakuombea magoti yenye nguvu, wajukuu wenye makelele na miaka mingi isiyo na mtu wa kuisimamia. Mkipita huku na pikipiki, mwambie mzee apige honi getini. Tutatoka kukusalimu, kama hatujatolewa.