Kermis Ni ya Nani

Godelieve, Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, alikuwa amepakata keki yake ya mchele, anakwenda kwa mwanawe kula sikukuu ya kermis, pale jirani yake kwenye basi alipomharibia asubuhi.

"Kwetu kermis, sisi tunaiita kermesse, ni sherehe ya shule tu, mama," alisema mzee huyo, Thibaut, Mbelgiji wa upande wa Kifaransa. "Watoto wanavua bata wa plastiki, walimu wanauza bia."

"Bata!" Godelieve aliguna. "Neno letu hilo, mmelichukua mkalivalisha suti. Ni kanisa na misa, baba. Ni siku kanisa la kijiji lilipobarikiwa. Mabembea na michezo ni mambo ya juzi tu."

Dereva, Mwitaliano, akadakia bila kuulizwa. "Kwetu hata tamasha la filamu tunaliita kermesse."

"Wewe tazama barabara," wakamjibu wote wawili. Hapo tu ndipo walipoelewana.

Thibaut hakuwa mtu wa kushindwa. "Haya, kama ni misa, leo mnasali saa ngapi?"

Godelieve akaishika vizuri keki yake. Kanisa la kijijini kwao lilikosa padri, likauzwa, likakatwakatwa kuwa nyumba za kupanga. Mzee huyu hakuwa na haja ya kuyajua hayo.

Basi likasimama. Mashindano ya baiskeli ya kermis yalikuwa yamefunga barabara, kama kila mwaka.

"Saa saba," alisema Godelieve akishuka. "Mezani kwa mwanangu. Altare ya kanisa ilikuwa hapohapo."