Jina Nisiloweza Kulitamka Kwenye Ramani ya Dirma

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Tluway, pamoja na wajumbe wako. Mkuu wa Shule, Mwalimu Maximilian, na walimu wote. Wazee wangu wa Dirma mliokaa pale mbele na fimbo zenu. Baba na mama yangu mliotoka Nambis leo alfajiri kwa ajili yangu. Mama zangu, wifi zangu, ndugu wageni waalikwa: wakubwa wote, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, hapo sasa mmeniamsha.

Kwa wasionifahamu, naitwa Konsolata. Mimi ndiye yule dada wa steshenari kule Katesh aliyekuwa anawachapia ramani zenu za rangi. Na hii ni wiki ya tatu tangu niwe mke wa Mwalimu Gerald, mwalimu wenu wa jiografia. Nisameheni kama natabasamu hata pasipo sababu. Mshereheshaji amenipa dakika kumi, lakini jamani, bibi harusi wa wiki ya tatu dakika kumi zinamtosha nini? Macho ya mume wangu peke yake yanataka nusu saa! Mwalimu, usiiname. Wanafunzi wako wanakuona.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wote waliosaidia chumba hiki cha ramani kipatikane. Nitasema. Lakini nina ombi pia, na ombi langu liko kwenye ile ramani kubwa ya ukutani ambayo vijana wameichora kwa mikono yao. Pale kaskazini, palipopakwa kijani cha malisho, mtaona nafasi nyeupe imeachwa. Mwenyekiti ametueleza hapa sasa hivi kwamba ramani ya kijiji inakwenda wilayani Jumatatu, kwamba rangi zote zimekubaliwa, na kwamba mahali pale kwenye karatasi panaitwa Malisho Namba Tatu. Akasema kama wananchi wanataka pawe na jina lake, walitamke leo mbele ya Mheshimiwa Diwani, naye ataliingiza. Naomba mlishike neno hilo la Mwenyekiti. Nitalirudia.

Kwanza niwaeleze nilivyofika hapa, maana yote yalianzia kwenye printa mbovu.

Siku moja aliingia dukani kwangu kijana mrefu, shati limejaa vumbi la pikipiki, ana flashi mkononi. Akaniambia, "Dada, nina picha mbili za satelaiti. Ni mahali pamoja, ila moja ya mwezi wa nne na nyingine ya mwezi wa kumi. Naomba unichapie kwa rangi, wanafunzi wangu wajifunze kusoma uoto wa ardhi." Nikamwangalia. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na jiografia nilipata, lakini ramani niliyosoma mimi ilikuwa ya nchi za mbali, na wino wake ulikuwa mweusi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu huko juu kinachoipiga picha Dirma. Nikachapa haraka haraka, nikampa, akaenda. Nami nikabaki nikijisemea, hata jina sijamuuliza!

Kumbe wino wa njano ulikuwa umeisha. Wanaojua rangi mnaelewa: bila njano, kijani kinageuka buluu. Kesho yake akarudi anacheka mpaka anashika meza. "Dada Konsolata," (kumbe yeye jina langu alishaliuliza!) "umetuchimbia ziwa! Darasa zima limeniambia Balangida imehamia kwetu. Kuna mmoja ameniuliza, mwalimu, sasa ng'ombe wetu wanaogelea?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema nitachapa upya bure. Lakini unajua alinijibu nini, Mheshimiwa? Alisema, "Utachapa, lakini hii mbovu siitupi. Imewafundisha kuliko nilivyotarajia. Sasa wanajua kwamba rangi ya picha siyo ardhi yenyewe. Kabla ya kuamini picha wataangalia kwanza ufunguo wake, na watauliza: ilipigwa lini, na ilitengenezwaje?" Ndugu zangu, nani amewahi kuharibu kazi ya mtu akashukuriwa namna hiyo? Moyo wangu ulipotea siku ile ile, mbele ya printa, na sijautafuta tena.

Tangu siku hiyo nikawa nachapa picha za kidato cha tatu kwa uangalifu kama napika chakula cha wageni. Na ndipo nikajua kwamba zile picha hazikuwa za mazoezi tu. Kijijini ilikuwa imefika rasimu ya ramani ya matumizi ya ardhi. Pale kaskazini, rasimu ilikuwa imepaka rangi ya udongo, na kwenye ufunguo imeandikwa: ardhi tupu, haitumiki, haina jina. Pendekezo lilikuwa igawanywe mashamba. Mahali pale, wazee wangu mnajua, ndipo ng'ombe wenye ndama hukaa masika yote mpaka maji yanapokauka. Pakigawanywa, mama mkwe wangu na majirani zake wangepeleka wapi ndama wao? Barabarani?

Mwalimu hakuwaambia wanafunzi wapige kelele. Alibandika picha ya mwezi wa kumi, akauliza, "Mnaona nini?" Wakajibu, udongo. Akabandika ya mwezi wa nne, mahali pale pale. Kijani! Tena katikati ya kile kijani palikuwa na viduara vidogo, vyenye kijani kizito zaidi, vimetawanyika kama vifungo vya shati. Ezekiel, uko wapi? Simama tukuone. Ezekiel alisema ni mashimo. Mwingine akasema ni tanuri za mkaa. Mwingine, namhifadhi jina, akasema, "Mwalimu, ni dada wa steshenari ameharibu tena." Mnaona ninavyoheshimiwa!

Hapo Restituta akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, hayo ni maboma ya zamani. Ng'ombe wakilala mahali miaka mingi, samadi inabaki. Watu wakihama, majani yanaota pale kuliko pengine. Nyumbani kwetu mbuzi wanapakimbilia."

Wangeweza kuishia hapo, wakampigia makofi. Lakini mwalimu wenu aliwafundisha kwamba ukishasoma picha, unakwenda kuihakiki kwa miguu. Wakapanga kwenda Jumamosi, na mama yake Mwalimu akakubali kuwaongoza. Nami nikafunga duka nikawafuata, eti napeleka picha mpya. Baba, nilikudanganya siku ile, nilikuambia nakwenda kununua karatasi. Sasa unajua karatasi yenyewe. Ndiyo hii imevaa tai.

Tulitembea, Mlima Hanang uko nyuma yetu umejifunika wingu, mama mbele, wanafunzi wameshika picha. Kila walipofika kwenye duara, mama aliwaambia nani alikaa pale, nani aliolewa kutoka pale. Kwenye duara moja alisimama muda mrefu, akasema, "Hapa ndipo nilipomzaa mwalimu wenu." Wanafunzi wakashangilia. Mwalimu akavua kofia. Nikamwona amesimama kwenye majani marefu, katikati ya mahali ambapo rasimu ilisema hapana kitu, na nikasema moyoni mwangu, Konsolata, hapa ndipo kwenu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Ezekiel akatoa kalamu, akauliza kwa adabu, "Mama, panaitwaje hapa, tuandike?"

Mama akanyamaza.

Akauliza tena. Mama akacheka kidogo, akaangalia chini, akaziba mdomo kwa mkono. Mimi wa kutoka Nambis sikuelewa, nikadhani hasikii vizuri. Ni Restituta aliyesema, "Ezekiel, muache mama. Hawezi kulitaja. Ni jina la baba mkwe wake."

Wageni wetu mliotoka mbali, kwa Wabarabaig mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake wala la wakubwa wa ukoo ule. Ni heshima. Na mahali pale panaitwa kwa jina la babu yake Mwalimu, aliyefika pale wa kwanza na mifugo yake.

Nikamwona Mwalimu amebadilika uso. Akamuuliza mama yake taratibu, "Mama, wale waliokuja kupima ardhi walipopita, nani alikuwepo nyumbani?"

"Sisi wanawake. Wanaume mlikuwa mmepeleka ng'ombe kwenye maji."

"Wakawauliza panaitwaje?"

"Walituuliza."

"Mkawajibu nini?"

"Tungejibu nini, mwanangu? Tulicheka, tukaangalia chini."

Ndugu zangu, ndivyo ilivyokuwa. Wale wageni hawakuwa na ubaya wowote. Waliona udongo mwezi wa kumi, wakauliza jina, wakachekewa, wakaandika haina jina. Na mama zetu hawakuwa na kosa lolote, walikuwa wanaheshimu. Mahali penye heshima kubwa kuliko pote hapa Dirma paliandikwa tupu, kwa sababu waliopajua walipaheshimu mno.

Mlikuwepo kwenye mkutano wa kijiji vijana walipobandika picha zote mbili. Mzee mmoja aliuliza, "Hawa watoto wanajua mbuga kuliko wataalamu?" Ezekiel akasimama, akasema, "Shikamoo mzee. Hatujui kuliko wao. Wao waliangalia mwezi wa kumi. Sisi tumeangalia na mwezi wa nne, halafu tukaenda." Yule mzee akacheka, akasema, "Marahaba. Basi kaa, umeshinda." Na mkutano ukapaka mahali pale rangi ya malisho. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nalia kama mtoto, na bado nilikuwa sijachumbiwa!

Baba yangu mzazi naye ana lake. Mwalimu alipoleta wazee wake Nambis kuniposa, baba aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, Dirma nimepita kiangazi. Utakula vumbi." Siku iliyofuata Mwalimu akaja na picha ya mwezi wa nne, akaifungua mezani karibu na sahani ya makande. Baba akavaa miwani. Akaiangalia juu, akaiangalia chini, akasema, "Hebu nione na ya Nambis." Mwalimu akaitoa, alikuwa ameiandaa! Baba akazilinganisha, mwisho akasema, "Kumbe majani mnayo. Haya, zungumzeni habari ya harusi." Mume wangu, wengine huposa kwa maneno matamu. Wewe uliniposa kwa satelaiti, na mimi sibadilishi na mtu.

Nilipoingia kwa mama mkwe aliniambia, "Wewe umetoka Nambis, hatukulazimishi kunyamazia jina." Nikamjibu, "Mama, nataka." Nimelifunga mdomoni kwa hiari yangu. Hata kwenye cheti cha ndoa, ambako ndilo jina la ukoo la mume wangu, nilisaini tu, sikulisoma kwa sauti. Ndiyo maana leo namwita Mwalimu Gerald, naishia hapo hapo.

Lakini asubuhi hii mama mkwe ameniambia, "Una mdomo mzuri, nenda ukaseme pale pasiachwe namba tatu." Mnaona kazi niliyopewa? Nimetumwa kuombea jina nisiloweza kulitamka, na aliyenituma naye hawezi. Namba tatu ni nini? Namba haina mjukuu. Siku nyingine picha itapigwa tena mwezi wa kumi, watakuja vijana wapya na vifaa vyao, wanaume watakuwa mbali na ng'ombe, na mama zetu watacheka tena wakaangalia chini. Tukiwa na jina limeandikwa, hawatahitaji kuulizwa. Wataonyesha kwa kidole tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti, kwa ruhusa yenu. Restituta, chukua kalamu ile nene, simama kwenye ukuta. Wazee wangu, ninyi mnaweza. Wanafunzi wote, ninyi mnaweza. Mama, njoo hapa, nishike mkono. Sisi wawili tutanyamaza. Ninyi, mara moja tu, kwa sauti ambayo hata ile satelaiti isikie: panaitwaje pale?

...

Nimesikia. Baba wa Nambis, umesikia? Mwenyekiti ametikisa kichwa kukubali, Mheshimiwa Diwani anaandika. Andika, Restituta, usiogope, mkono wako ni mzuri. Herufi kubwa. Hivyo hivyo.

Mama, ona. Tutalisoma kwa macho, kila tukipita hapa.

Nawashukuru walimu, wazazi waliotoa mbao na siku zao, na kidato cha tatu kwa kutembea mpaka kwenye kweli. Nakushukuru wewe, mume wangu, kwa kutoitupa ile karatasi ya buluu. Nimeiona umeiweka kwenye fremu mlangoni, na nimekusamehe.

Asanteni kwa kunisikiliza, na zaidi ya hapo, asanteni kwa kunisemea.